Nyimbo Katika Chumba cha Masese

Nyakerario wa kijiji cha Nyaramba alikuwa na kazi nzito kuliko kubeba majani ya chai. Kila asubuhi alimtoa mumewe, Masese, kitandani na kumketisha kitini. Kiharusi kilikuwa kimelegeza upande wa kulia wa Masese na kumnyang'anya maneno. Alibaki na macho yake na mkono wa kushoto.

Tangu ugonjwa uingie, redio haikuwashwa tena. Wageni waliingia wakinong'ona, wakaomba, wakatoka wakinong'ona. Nyumba ilikaa kimya kama ya msiba, na mwenyewe yu hai.

Asubuhi moja, Nyakerario alikuwa akimwinua mumewe, nguvu zikamwishia katikati. Wakaanguka wote wawili. Masese hakuumia, lakini alilia. Kwa miaka thelathini ya ndoa, Nyakerario hakuwahi kumwona akilia.

Baada ya siku hiyo aliogopa kumwinua. Masese akalala siku kumi bila kuketi. Ngozi ya kiuno chake ikaanza kuchubuka.

Anyiko, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka zahanati, alipokuja aliitazama ile ngozi kwa muda.

"Mama, akiendelea kulala hivi atapata vidonda vibaya," alisema. "Lazima ageuzwe, na atoke kitandani."

"Daktari, mimi nimeshindwa. Nina miaka hamsini na sita. Nguvu zimekwisha."

"Nguvu hujengwa hata katika umri wako, mama. Kwa sasa usimwinue peke yako. Lakini tuanze kukujenga wewe pia."

Edinah, dada yake Masese, akakubali kuja kila asubuhi kusaidia. Anyiko naye akamfundisha Nyakerario mazoezi mawili. La kwanza, kuketi kitini na kusimama bila kushika kitu. La pili, kuinua mitungi miwili midogo ya maji. Afanye siku tatu kwa wiki, na kati yake apumzike.

Nyakerario alisimama mara nane, akachoka. Wiki ya pili, nane. Wiki ya tatu alianza kuruka siku.

"Unafanya kimya kimya hivi?" Anyiko aliuliza alipokuja tena.

"Nifanyeje? Mume wangu mgonjwa, nami niweke muziki? Watu watasema nini?"

"Mama, muziki haujengi misuli. Mazoezi ndiyo hujenga. Lakini wimbo unaoupenda huisahaulisha akili uchovu. Unaweza kuongeza mara mbili au tatu kabla ya kuchoka. Si wote husaidika sawa, lakini jaribu."

"Wimbo gani?"

"Wowote uupendao, wenye mwendo mchangamfu."

"Mimi najua za kwaya tu."

"Hizo zinatosha."

Anyiko alipoondoka, Nyakerario alimgeukia mumewe. "Baba Ongeri," alisema polepole, "niwashe?"

Masese aliinua mkono wa kushoto, akaushusha juu ya blanketi. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo.

Wimbo ukatoka kwenye simu. Nyakerario akasimama, akaketi, akasimama. Alipofika mara ya nane miguu iliwaka moto, lakini kiitikio kilikuwa kinaanza. Akafuata kiitikio. Akafika kumi na moja. Alipogeuka, aliona kidole cha Masese kikigonga blanketi, kikifuata mapigo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Edinah.

"Wifi! Ndugu yangu yuko kitandani, na wewe unacheza?"

Nyakerario alikuwa akihema. "Sichezi, Edinah. Natafuta nguvu za kumwinua ndugu yako. Hebu mwangalie."

Edinah alikitazama kile kidole. Akavuta kiti, akaketi, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

Anyiko aliposikia kwamba hesabu imepanda, alifurahi, lakini alitoa onyo.

"Sauti isiwe kubwa, itaharibu masikio. Na wimbo huweza kukuficha uchovu. Kwa hiyo panga hesabu yako kabla ya kuanza. Ukisikia maumivu makali au kizunguzungu, acha papo hapo. Na siku ya kumwinua Mzee, zima simu. Hapo ni lazima msikilizane."

Miezi mitatu ilipita. Nyakerario sasa alisimama mara kumi na mbili, akapumzika, akarudia mara mbili zaidi. Mitungi nayo ilikuwa mikubwa kidogo. Anyiko alimfundisha pia namna ya kuinua: miguu iachane, magoti yakunjike, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na kifua. Ngozi ya Masese ilikuwa imepona.

Jumapili moja asubuhi, Anyiko na Edinah walisimama kando, tayari kusaidia. Nyakerario alizima simu. Akainama mbele ya mumewe.

"Baba Ongeri, tukisema tatu. Moja. Mbili. Tatu."

Masese akasimama. Hatua kwa hatua, wakafika mlangoni. Nje kulikuwa na jua, na chini mteremkoni shamba lake la chai, ambalo hakuwa ameliona kwa nusu mwaka.

Edinah alileta kiti. Nyakerario alitaka kumketisha, lakini Masese alikaza mkono wa kushoto begani mwa mkewe. Hakutaka kuketi bado.

"Haya," Nyakerario akamwambia. "Tazama tu. Nimekushika."

Akamshika, miguu yake imara chini, mpaka Masese mwenyewe alipotosheka.