Njiwa Walioalikwa

Kila Jumamosi asubuhi Rwamba alikuwa na kazi zake, na mama yake hakuwa mtu wa kukumbusha mara mbili. Alifagia uwanja, akawafungulia kuku, akachota maji ya mfereji kabla majirani hawajapanga foleni. Walikaa wawili tu pembezoni mwa mji wa Embu. Mama yake, Nelius, alilima mboga nyuma ya nyumba, na mtama aliulima huko Ishiara alikozaliwa.

Jumamosi hii ufagio ulikwenda mbio kuliko kawaida. Chama cha mazingira cha shule kilikuwa kinakwenda kutazama ndege, kuanzia miti ya ofisi za serikali, kupitia bustani ya mji, hadi ukingo wa Mto Rupingazi. Wanafunzi walikuwa wamepangwa wawili wawili. Wale ambao wangeona ndege wengi zaidi, Mwalimu Susan angewapeleka Meru kutembelea Ziwa Nkunga. Rwamba hakuwa amewahi kushinda kitu chochote maishani, hata mbio za magunia. Aliitamani safari hiyo mpaka usingizi ukampaa.

Shida ni kwamba alijijua. Mwenzake Leylo, binti wa muuza nguo pale mjini, angeweza kutulia chini ya mti mpaka ndege wamsahau. Rwamba hakujaliwa subira hiyo. Akikaa kidogo tu mguu unamwasha, mara koo linamkereketa, mara anauliza kama bado. Kwa hiyo alikuwa ametafuta njia ya mkato.

Stoo kwao kulikuwa na pakiti ya mbegu za mtama zilizobaki msimu wa kupanda. Zilikuwa nyekundu kwa dawa ya kuua wadudu, na mama alikuwa amekataza mtu kuzigusa. Ijumaa jioni, mama akiwa kwa jirani, Rwamba alichota bakuli zima. Aliziosha na kuziosha tena mpaka maji yakatoka meupe, kisha akazianika juu ya gunia. Alikuwa ameona zikioshwa hivyo hapo kwao.

"Dawa imeshaenda na maji," alijiambia, na kwa kuwa alitaka kuamini, aliamini.

Jumamosi hii asubuhi, akielekea shuleni, alipitia kwenye nyasi za ukingo wa mto na kuzimwaga zote.

Kwenye miti ya ofisi waliwaona ndege aina ya kwarara wakipiga kelele kama watu wanaogombania shamba. Bustanini Leylo alimwona ndege chozi akifyonza maua, mdogo, kijani kinachometameta. Alimshika Rwamba mkono ili asitikisike. Rwamba alitazama kidogo tu. Mawazo yake yalikuwa yameshafika mtoni.

Na kweli, walipofika mtoni, nyasi zilikuwa zimejaa njiwa. Walidonoa bila kuinua vichwa, na mnana, ndege wadogo wa manjano, waliwaingilia katikati kuiba.

"Wallahi, Rwamba!" Leylo alinong'ona. "Hawa wote wametoka wapi?"

"Sijui," Rwamba alisema, akijitia hamnazo.

"Hapa hakuna wa kuwashinda," Mwalimu Susan alisema akicheka. "Hongereni, wasichana wangu!"

Rwamba alifurahi sana. Wenzake walimtazama kwa wivu, na yeye akaona wivu huo ni mtamu kuliko sukari.

Walikwenda juu kidogo kando ya mto, wakakaa kivulini kula. Kulikuwa na githeri, mandazi na chai ya chupa. Walipokuwa wakirudi kupitia njia ile ile, Leylo alisimama ghafla.

"Mwalimu, huyu njiwa ana nini?"

Njiwa mmoja alikuwa akienda upande upande. Mabawa yalimtetemeka, akajaribu kuruka, akaanguka kifudifudi. Mbele yake mwingine alikuwa amelala na miguu juu. Kisha wakaona wengine, huku na kule kwenye nyasi.

"Mtu asiwaguse," Mwalimu Susan alisema haraka. "Inaweza kuwa ugonjwa. Nitampigia daktari wa mifugo." Akawageukia wanafunzi. "Kuna yeyote anayejua lolote? Mmeona mtu hapa asubuhi?"

Rwamba alitazama viatu vyake. Alijua, tena alijua vizuri sana, lakini aliiona safari ya Ziwa Nkunga ikimponyoka, akaona nyuso za wenzake zikimgeukia. Labda ni ugonjwa kweli, aliwaza. Labda watapona. Akanyamaza.

Mwalimu alijaribu simu, ikawa haipokelewi. Alijaribu tena. Muda ukapita, na ndipo upepo ukaleta harufu ya manyoya yaliyoungua.

Walifuata moshi mpaka pale vijana wanapooshea pikipiki. Runji, kijana mrefu aliyevaa gambuti, alikuwa amechuchumaa mbele ya moto na njiwa kadhaa kwenye kijiti. Mdogo wake, Gitari, mtoto wa nasari, alikuwa pembeni.

"Karibu nyama, madam!" Runji aliita. "Leo Mungu ametukumbuka. Wanajileta wenyewe, unaokota tu."

"Runji, usile hao ndege. Ni wagonjwa."

"Ah, madam, wagonjwa wapi! Nimewachinja wakiwa wazima. Na moto unaua kila kitu, hata hiyo homa yao." Akapuliza nyama na kuipeleka mdomoni.

"Usile!" Rwamba alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Ni sumu! Moto hauitoi!"

Runji alishusha kijiti. "Wee mtoto, umejuaje?"

Rwamba alihisi dunia nzima inamtazama. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Ni mimi niliyewamwagia mbegu. Zile nyekundu za kupanda. Niliziosha. Nilifikiri nikiziosha zitakuwa sawa. Nilitaka tu njiwa waje."

Leylo, aliyekuwa amemshika mkono, aliuachia. Runji alitupa kijiti motoni, kisha uso wake ukabadilika, akageuka polepole.

"Gitari," alisema. "Gitari, ile nyama nilikupa umeipeleka wapi?"

Mtoto alifungua mikono yake miwili. Ilikuwa na mafuta tu.

Mwalimu Susan hakungoja kusikia zaidi. Alimbeba Gitari, akapanda naye pikipiki iliyokuwa bado inachuruzika maji, Runji akaendesha. Kabla hawajaondoka mwalimu alimgeukia Rwamba, "Kimbia nyumbani ulete pakiti ya hizo mbegu hospitalini! Daktari atataka kujua ni dawa gani. Haraka! Nyinyi wengine mrudi shuleni!"

Rwamba hakuwahi kukimbia vile. Alimkuta mama akipalilia sukuma wiki, akamwambia yote kwa pumzi moja. Alitarajia kofi. Mama alitupa jembe, akaingia stoo, akatoka na pakiti mkononi, na wakakimbia pamoja, mama akiwa na matope mpaka magotini.

Hospitalini Gitari alikuwa ametapika, akitokwa na jasho. Daktari aliisoma pakiti mara moja akatikisa kichwa. "Vizuri mmeileta," alisema. "Bila hii ningekuwa ninabahatisha." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Walikaa kwenye benchi. Runji aliegemea ukuta akilia waziwazi, kijana mkubwa vile. Rwamba alitaka kumwomba msamaha lakini kila neno aliloliwaza lilikuwa dogo mno.

"Ni nani alikuambia ukiosha dawa inatoka?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni wewe, mami. Ule mwaka mvua ilikosa. Uliosha mbegu kama hizi, ukatupikia uji."

Mama alitazama matope yaliyokauka miguuni mwake.

Jua lilikuwa limeanza kuinama daktari alipotoka. Gitari angelala hospitalini chini ya uangalizi, na kama hali ingeendelea vile, angerudi nyumbani kesho yake. Runji aliomba aingie akamwone. Mama Rwamba akamweleza daktari habari ya uji ule, naye akasema, "Mama, maji hutoa rangi tu. Dawa huwa imeshaingia ndani ya mbegu; mwaka ule mlibahatika tu. Usioshe ule, usiwape kuku, usimpe mtu."

"Nimesikia," mama alisema. "Nilifanya hivyo kwa njaa, na leo mtoto wa wenyewe ametaka kufa. Sitarudia."

Kulikuwa bado na mwanga Rwamba, mama yake na Mwalimu Susan walipofika mtoni wakiwa na glavu na jembe. Leylo alikuwepo akimngoja Mwalimu Susan, akiwafukuza ndege kwa kitambaa ili wasishuke kula. Alikuwa amekataa kurudi shuleni. Hakumsalimia Rwamba.

"Mimi ningekaa hapa siku nzima nimwone ndege mmoja," alisema hatimaye. "Mmoja tu, lakini awe amekuja mwenyewe."

Waliokota mbegu zilizobaki wakazitia kwenye mfuko, wakachimba shimo refu mbali na maji na kuwatia njiwa ndani. Walikuwa wengi. Ndio hao hao aliopongezwa kwa kuwaona.

Mwalimu Susan aliegemea jembe. "Safari ya Nkunga hutaenda, Rwamba, na nadhani unajua kwa nini."

"Najua, mwalimu."

"Lakini si hilo ninalotaka ulikumbuke. Ulikosea kuchukua mbegu, ukakosea kutafuta ushindi wa bure. Makosa kama hayo hutokea hata kwa watu wazima. Leo mbele ya Runji ulisema ukweli, ukamwokoa, na pakiti yako ikamsaidia daktari. Kwa hilo ninakushukuru." Alivua glavu. "Lakini mimi nilikuwa nimekuuliza mapema, pale kwenye nyasi. Ukanyamaza. Gitari alikula ile nyama kati ya swali langu na jibu lako."

Rwamba aliinua uso. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Kosa likishatendeka, liseme saa hiyo hiyo," mwalimu aliendelea, "hata kama sauti inatetemeka. Ukichelewa, anayeumia anaweza kuwa mtu asiyejua lolote."

Mama alimshika binti yake begani. Kisha alipokea jembe kwa mwalimu, akamkabidhi, na Rwamba akaanza kufukia shimo.