Mkono Aliouruka Chiriku

Enzi zile, kila Jumapili asubuhi Bibi alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda kwenye nyumba ya ibada ya Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka. Hapakuwa na mimbari wala kwaya. Watu waliketi kimya kwenye mabenchi yaliyotazamana, mpaka mmoja asukumwe na Roho kusema neno. Kwa mtoto aliyepachikwa jina la Chiriku kwa kupenda maneno, saa ile ilikuwa ndefu kama mwaka. Lakini alipokuwa mtu mzima, jinsi alivyoitamani!

Jumapili moja Chiriku alisimama mwenyewe. "Tuwe watu wa amani," alisema kwa sauti nyororo. "Mtu asimnunie mwenzake." Mama mmoja alipangusa machozi. Chiriku akaketi, amejaa fahari.

Kisha, kama ilivyokuwa desturi, mzee wa zamu alimpa jirani yake mkono, ishara kwamba ibada imekwisha, na wote wakapeana mikono. Chiriku alipofika kwa binamu yake alimruka, akamshika mkono aliyefuata. Ama kweli nyani haoni kundule.

Wiki tatu walikuwa hawasemezani. Chiriku alikuwa amevunja sindano ya cherehani ya Bibi, akamsingizia binamu, naye binamu akamwita mwongo mbele ya watu. Sasa baba yake binamu alikuwa amehamishwa kazi, na kesho yake wangeondoka.

Njiani Bibi aliuliza, "Yale maneno ulikuwa unamwambia nani?"

"Watu wote, Bibi."

"Na wewe ulikuwemo?"

Chiriku alisimama njiani. Machozi yakamlengalenga. "Bibi, sindano niliivunja mimi."

"Haya, mimi umeniambia. Aliyebeba lawama yako je?"

Chiriku alitimua mbio. Alimkuta binamu mlangoni kwao akifunga sanduku kwa kamba.

"Nilikusingizia. Nisamehe."

Binamu alimaliza kwanza fundo lake, taratibu. "Ungekuja mapema, tungecheza wiki tatu nzima," alisema. Kisha akamrushia ncha ya kamba. "Haya, vuta hapo!"

Bibi aliwakuta wakivuta, wanacheka na kulia kwa pamoja.

"Mjukuu wangu," alisema, "sisi Marafiki hatuapi, kwa sababu neno la mtu na tendo lake vinapaswa kuwa kitu kimoja. Amani ya kuhubiri benchini ni rahisi. Ile uliyoifuata mbio mpaka mlangoni kwa mwenzako, hiyo ndiyo dini."