Kompyuta ya Dharsi

Magharibi ilipoanza kuingia, Benedikta alijitanda kanga, akachukua kikapu, akaenda dukani kwa Dharsi. Ndani ya kikapu mlikuwa na betri ya kompyuta. Kompyuta yenyewe aliiacha nyumbani mezani, waya umechomolewa, tumbo wazi.

Na umeme ulikuwa wa mgao. Mtaa wa Usagara mzima giza.

Tuelewane hapo. Mashine haina betri, haina waya, mtaa hauna umeme. Lakini jana yake, saa kama ile, iliwaka.

Vituko vya kawaida alishavizoea. Alikuwa taipisti wa ofisi ya mkonge, shamba likauzwa, wakapunguzwa. Kiinua mgongo akakitia kwenye ile kompyuta ya kukunja, kuukuu, akisema siku za mgao wenzake watakaa kuangaliana na yeye anapiga kadi za harusi kwa betri. Wee. Mashine ile ilikuwa na tabia za mke mwenza. Ilichemka kama chuma cha chapati, ukiipakata unaungua mapaja. Kioo hakikusimama mpaka ukiegemeze kwa tofali. Herufi ya R mpaka uichokonoe kwa ukucha. Betri ilikwambia imejaa, ukigeuka imekata roho.

Fundi Fanueli, aliyekuwa akimtolea kadi zake kwenye printa, alishaichungulia mara ngapi sijui. "Mama Mwajaa, hii haiumwi," alimwambia. "Ina maringo. Ipige mgongoni itacheua."

Akaipiga mgongoni. Ikacheua.

Hayo aliyamudu. Lakini kuwaka bila chakula... hapana. Tena iliwaka na neno moja tu, katikati ya kioo.

Praxeda.

Jina hilo mjini hapa hakuna aliyelijua. Benedikta alikuwa amezika watoto wawili. Alipozaliwa huyu wa tatu, wazee wake wa Kibondei walifanya yanayofanywa: mtoto akalazwa jaani, jirani akajifanya kumwokota, akaitwa Mwajaa, ili hao waliowachukua wenzake wakipita waone takataka, waende zao. La ubatizo, Praxeda, lilitajwa kanisani mara moja, kwa kunong'ona, likafungiwa. Hata mtoto mwenyewe hakuambiwa. Sasa alikuwa anakaribia Komunyo ya kwanza, na padri alitaka kadi zenye majina ya ubatizo. Benedikta akakaa akapiga kadi za watoto wote wa parokia, na la mwanawe akalitia humo humo. Kidole cha taipisti hakiulizi.

Dukani alimkuta Zarina, mke wa Shabbar Dharsi aliyemuuzia ile mashine. Alikuwa anakunja vitambaa kwa mwanga wa mshumaa.

"Dada Zarina, mashine yenu inawaka bila betri."

Zarina hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Benedikta.

"Saa hizi?"

"Saa hizi. Jana."

Zarina akaegesha mlango. Akasema chinichini, "Umeandika jina la nani humo?"

"Ya watu wengi. Kazi yangu si kadi?"

"Za harusi hazina neno, wale wakubwa. Mie nauliza mtoto."

Benedikta akakivuta kikapu kifuani.

"Nilimwambia Shabbar asiiuze, akaitupe baharini. Akasema kutupa mashine nzima ni kufuru. Mwanamume wa duka, utamwambia nini."

"Sema, dada."

"Tulimwandikia Inara wetu kadi ya siku yake ya kuzaliwa. Magharibi ikawaka, jina lake kiooni. Sisi tunacheka, tunasema kompyuta imempenda. Kesho yake, saa ile ile, nje kukaitwa Inara. Kwa sauti yangu. Mie niko jikoni, mwiko mkononi, najisikia naita nje." Akaweka kitambaa chini. "Mtoto akaitika."

"Yuko wapi?"

Zarina akainua mshumaa. Juu ngazini alikaa msichana, nywele zimechanwa vizuri, mikono mapajani.

"Inara," Zarina akaita. Kwa upole.

Msichana hakugeuka.

"Anakula. Analala. Ukimwita... hakuna mtu." Kisha akamtazama Benedikta. "Umesema imewaka jana. Mtoto umemwacha na nani?"

Benedikta aliacha kikapu. Aliacha na viatu.

Alikimbia katikati ya barabara, adhana ikiisha msikiti mmoja na kuanza mwingine. Mtoto alikuwa peke yake chumbani. Mwenye nyumba, Bi Asmahani, yuko chumba cha mbele, lakini saa hizo yuko kwenye mswala, hata nyumba ishike moto hainuki. Alipokata kona ya mwisho, harufu ikampiga. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Aliijua. Alishasimama mbele yake mara mbili.

Ndipo akaisikia.

"Praxeda..."

Ilitoka uani, nyuma ya nyumba. Sauti yake mwenyewe. Ile ya kubembeleza, aliyoitumia wakati wa homa tu.

Aliingia ndani kama mwizi. Chumbani mlikuwa na mwanga wa buluu. Kompyuta ilikuwa inawaka, tumbo wazi, na Mwajaa ameinamia daftari mbele yake.

"Imewaka, mama, ndiyo nafanyia hesabu," alisema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Ulikuwa unamwita nani nje?"

Benedikta akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiitike," akanong'ona.

Mtoto akajinasua kidogo. "Niitike nini? Kwani mimi ndiye naitwa hivyo?"

"Praxeda... njoo, mwanangu."

Sasa ilikuwa dirishani. Pazia halikutikisika. Harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka ulimi ukaionja. Benedikta alimkumbatia mwanawe, akamwekea uso kifuani, akahesabu pumzi zake. Mtoto alikuwa ametulia. Hakujua kitu. Kutojua kwake ndiko kulikokuwa kumemshika mkono.

"Praxeda."

Mara hii bila kubembeleza.

Benedikta akamkaza mwanawe zaidi.

Halafu, kutoka chumba cha nyuma ambacho hakikuwa na mpangaji...

"Abee, mama."

Sauti ya mtoto mdogo. Yenye adabu.

Nyayo ndogo zikapita ukumbini, peku. Komeo la mlango wa uani likavutwa kutoka ndani. Mlango ukalia. Kioo cha kompyuta kikazima.

Baadaye kidogo Bi Asmahani akaja na kibatari, mtandio wa kuswalia bado kichwani.

"Wewe Benedikta, jina gani hilo unaloita kama unaita mbuzi? Umeniharibia swala. Afadhali mtoto alivyoitika ukanyamaza."

"Mtoto ninaye hapa, bibi."

Bi Asmahani akamtazama Mwajaa. Akautazama mlango wa uani, uko wazi. Akakiinua kibatari kuelekea uani.

"Mie nimesikia mtoto kapita," alisema taratibu. "Hata nilitaka kumgeukia... sijui nini kilinizuia shingo."

Kompyuta Benedikta aliitumbukiza choo cha shimo kwa mikono yake, Shabbar Dharsi abaki na kufuru yake. Taipu akarudia mashine ya zamani ya chuma, ya kugonga. Asubuhi ya Jumamosi akamchukua Mwajaa mpaka kwa padri, akamwacha barazani, akaingia kuomba kadi ya mtoto ifutwe, aandikwe jina jingine.

Padri akakunja uso. "Mama, ubatizo haurudiwi. Praxeda ni jina la mtakatifu. Lina ubaya gani?"

Benedikta akamtazama mwanawe kule nje, akasogea mpaka mezani ili mtoto asisikie.

"Halina ubaya, padri. Lina mtu tayari."