Ukungu Uliomkwepa Mtu

Yaliyompata Jepkorir sisi majirani zake wa mtaa wa Section 58 tuliyajua baadaye, tena vipande vipande, maana hakuwa msichana wa maneno mengi. Alipanga chumba cha mwisho kwenye ghorofa ya juu. Asubuhi alikuwa akianika nguo, anamsalimu Sue wa chumba cha pili, "Sasa," Sue anajibu, "Poa," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku. Kisha alifunga mlango, akavuta pazia jua lisipige skrini, akashinda humo.

Alikuwa akijifunza kutengeneza mandhari ya filamu kwa kompyuta: mlima usiokuwepo, mji unaoungua bila kiberiti, mafuriko yasiyomlowesha mtu. Mwalimu wake, Kabiru, alikuwa Nairobi, na walionana kwa video tu. Kabiru alimwambia kuna studio inayotafuta mtu. Kazi ya mwisho ya Jepkorir ikitoka safi, jina atakalopeleka ni lake.

Kwa kazi hiyo Jepkorir alichagua kujenga kwao Keringet. Nyumba yenyewe ilikuwa imeshakwisha. Mama yao alipofariki, kaka yake Bethwel aliuza shamba akahamia Subukia, na aliyelinunua akabomoa kila kitu akapanda viazi. Tangu hapo Jepkorir hakuwa na mahali pengine pa kupaita nyumbani. Basi akapajenga upya kwenye skrini, ubao kwa ubao: mabati yenye kutu, ua wa michongoma, jiko la nje na mlango wake mzito. Mlango aliuacha wazi, mwanga wa moto uonekane. Watu hakuweka. Hakujua kumtengeneza Mama, na hata angejua, asingethubutu.

Kilichobaki ni ukungu. Kule juu Keringet ukungu hushuka mpaka ng'ombe huwaoni, unawasikia tu. Na ukungu wa kompyuta hauuchori kwa mkono. Unaipa mashine upepo, baridi na unyevu, halafu unaiacha ihesabu yenyewe utakavyotembea. Aliiacha ikahesabu, akaenda kununua mboga za sukuma. Aliporudi akaketi kuangalia.

Ukungu ulishuka vizuri sana. Ulilamba paa, ukateremka ukutani, ukaingia uani. Lakini pale karibu na michongoma uligawanyika. Ukapita kushoto na kulia, kisha ukaungana tena. Katikati uliacha pengo jembamba, refu kama mtu.

Ukungu wa kompyuta haukwepi hewa. Hukwepa kitu.

Alikitafuta hicho kitu. Alipekua kila jiwe na kila ubao aliouweka, akafuta nusu ya ua, akaiambia mashine ihesabu upya. Pengo lilikuwepo. Tena lilikuwa limetoka kwenye michongoma, limesimama katikati ya uwanja.

Akamtumia Kabiru faili. Kabiru akaifungua kwa mashine yake.

"Kwangu iko sawa," alisema. "Ukungu inapita tu. Restart hiyo mashine, Jep. Na utoke nje kidogo, unakaa kama mtu hajaongea na mtu."

Alikuwa kweli hajaongea na mtu. Labda ndiyo sababu hakuogopa kama mwingine angeogopa. Alilitazama lile pengo mchana kutwa, akalirudisha nyuma, akalitazama tena. Lilikuwa linatembea. Lilitembea limeinama upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maziwa.

Mama alikuwa akitembea hivyo.

Kuanzia hapo chumba hakikuwa kitupu tena. Alipika akiwa amegeuza skrini imwelekee. Alilisimulia lile pengo habari za Kabiru, za studio, za Sue na nywele zake mpya. Kila alipohesabu ukungu upya, lilikuwa limesogea. Likapita beseni aliloliweka uani. Likafika jikoni. Alasiri moja alilikuta limesimama mlangoni, pale alipoacha wazi, nalo halikuwa limeelekea ndani. Lilikuwa limemwelekea yeye.

Jepkorir alisogeza kiti karibu.

"Karibu, Mama," akanong'ona. "Ingia."

Akauhesabu ukungu mara nyingine. Ukungu ulishuka, ukajaa uwanja, ukaingia jikoni ukajaa mpaka darini. Hakuna palipogawanyika. Pengo halikuwepo.

Alilia. Alilia kama siku ya mazishi, kisha akampigia Bethwel, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akamweleza yote.

"Hiyo ndoo ilikuwa ni kama iko mkono gani?" Bethwel akauliza.

"Wa kushoto."

"Mama alikuwa anabeba ndoo na mkono wa kulia, Jep. Huo wa kushoto ulivunjika akiwa mdogo, haukuwahi shika kitu kizito."

Jepkorir aliitazama tena skrini.

"Wewe ulienda shule ya boarding mapema, huwezi jua," Bethwel akaendelea, sauti ikishuka. "Ukungu ikishuka, hata kama ni mchana, Mama alikuwa anafunga mlango ya jikoni na gogo. Tunakaa kimya. Kuna kitu ilikuwa inazunguka hapo nje. Alituambia haiwezi ingia kwa nyumba ya mtu mpaka ikaribishwe."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nyumba ilibomolewa. Nilijua imeisha." Akavuta pumzi. "Uliifungulia?"

"Ni picha tu, Bethwel. Ni kompyuta."

"Sasa iko wapi?"

"Imetoka. Haiko."

"Haiko huko ndani," Bethwel akasema polepole. "Basi iko wapi?"

Kikombe cha chai kilikuwa mezani, mbele yake. Alikuwa amekijaza punde tu. Mvuke ulipanda wima. Dirisha lilikuwa limefungwa. Pazia halikutikisika.

Mvuke ukapinda.

Ukagawanyika. Ukapita huku na huku, kana kwamba juu ya kikombe pameinama uso.

Hakupiga kelele. Aliinuka taratibu, simu ikiwa bado sikioni. Akarudi nyuma. Mgongo ukagusa mlango. Mkono ukatafuta kitasa. Alitoka bila viatu, akaingia kwa Sue bila kubisha, akakaa chini kando ya kitanda. Sue alimshika mikono. Ilikuwa baridi, na nywele za Jepkorir zilikuwa zimelowa matone madogo, kama za mtu aliyepita kwenye umande.

Kesho yake Bethwel alikuja na mzee wa kanisa. Waliomba pale chumbani, mlango wazi, jua likiingia. Jepkorir alifuta kazi yote: nyumba, ua, jiko, ukungu. Kabiru alikasirika, kisha akasikitika, na nafasi ya studio akapewa mwingine. Alipoulizwa sababu, Jepkorir alisema mashine iliharibika. Lililomuuma zaidi si kazi. Ni kwamba alikuwa amebomoa kwao kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kwa siku zile chache, akiongea na kitu asichokijua, alikuwa na furaha.

Siku ya kuhama, wiki kadhaa baadaye, Masinde, mlinzi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, alisaidia kuteremsha godoro. Akasimama kwenye ngazi akipangusa jasho.

"Na mathe yako je? Hamuendi na yeye?"

"Mathe gani?"

"Huyo mama mzee wa hapo ndani. Nikibisha ukiwa umetoka, si yeye hunijibu? Sijawahi muona vizuri, hufungua kidogo tu." Masinde alimwangalia, akaona uso wake, akapunguza sauti. "Aliniomba ufunguo ya pili. Alisema wewe hukawia. Nikampa."

Waliutafuta chumba kizima, wakainua hata zulia. Ufunguo haukuonekana.

Jepkorir sasa yuko Subukia kwa Bethwel, anamsaidia na ng'ombe, na kompyuta hataki kuiona. Wiki ile aliyofika, kulikuwa na kiangazi kikali, mahindi yamekunjamana, vumbi hata kwenye majani ya kahawa. Asubuhi moja, jua likiwa limeshapanda, alifungua dirisha la chumba chake.

Kwenye kizingiti, upande wa nje, ulikuwepo ufunguo wa Section 58. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa ukidondosha maji.