Kamba za Raba Kisimani kwa Mzee Gaspari

Mbwa hawakubweka. Mosi Ahmadi alipunguza mwendo, akasimama, akainua mkono kuwazuia wenzake watatu waliokuwa wakikimbia nyuma yake. Kwa Mzee Gaspari mtu hafiki kimyakimya. Mbwa wake wawili wekundu humpokea mgeni tangu kwenye ua wa minyaa. Leo kimya. Ua ulikuwa umelala chini. Lile tembe refu, ambalo Mosi alilijua tangu utoto akipita hapo na baba yake kununua ngozi, lilikuwa limebomolewa paa. Boriti zimeng'olewa, udongo wa juu umeporomokea ndani, mlango haupo.

"Wamehama," alisema Leonidas.

"Wamehamishwa," alisema Damiani, kisha akakaa chini pale pale, puu, bila utani wowote. Na Damiani asipotania, jua kuna jambo.

Sasa tuambizane ukweli. Singida nzima ilijua habari ya Operesheni. Redio ilisema, malori yalionekana, watu wa vijijini walisogezwa wakae pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Mosi mwenyewe aliwauzia viatu baadhi ya madereva wa malori hayo. Lakini akili ya binadamu, jamani! Alijua watu wamehamishwa, na bado alipopanga safari kichwani mwake aliwaona wote wamekaa palepale alipowaacha, wanamsubiri apite.

Alikuwa na duka la viatu mjini, jirani na soko, na sifa ya duka lile ilikuwa raba. Kila Jumamosi jioni aliwakusanya watu mlangoni wakimbie, wenye raba, wenye katambuga na wapekupeku, wakazunguka ziwa Singidani au wakafika Mwankoko na kurudi, wakicheka na kusukumana njia nzima. Watu waliziita mbio za dukani. Mwezi ule wa kumi zilikuwa zimeingia raba mpya, turubai jeupe na soli nene, na Mosi akawashwa kuzijaribu porini. Alipanga lori la rafiki yake Hussein liwashushe upande wa Mungaa, wao wakate pori kwa njia ya zamani ya ng'ombe, Hussein azunguke akawangoje barabarani, Ikungi. Waliokubali walikuwa watatu tu: Leonidas, fundi mwashi, kijana mwenye mbio kuliko wote, Anastazia, muuguzi wa hospitali, na Damiani mwenye bucha, mtu wa Misigiri, ambaye alikimbia ili kupunguza tumbo na kila wiki tumbo lilimshinda.

"Tubebe maji?" Anastazia aliuliza walipokuwa wanapanda lori.

"Ya nini?" Mosi alicheka. "Dada, unabeba maji kwenda kwa Wanyaturu? Utawatukana watu bure. Kila boma utapewa kata ya maji mpaka ukatae."

Na kweli ilikuwa hivyo, mwaka juzi. Boma la kwanza walilikuta tupu, Mosi akasema wenyewe wako shamba. Mwezi wa kumi, ardhi imekauka kama kigae, shamba gani? Hakuna aliyeuliza. Boma la pili tupu vilevile. Hapo Mosi aliongeza mwendo tu, na Damiani akajikaza kumfuata kwa sababu hakutaka kuchekwa.

Sasa, hapa kwa Mzee Gaspari, Anastazia alipiga magoti mbele ya Damiani, akamgusa shingo, kisha kifua. Uso wake ukabadilika.

"Hatoki jasho," alisema. "Ngozi kavu, inachoma. Damiani! Uko wapi hapa?"

"Buchani," alijibu Damiani, macho yanaelea. "Fungeni mlango, nzi wanaingia."

Hakuna aliyecheka. Walimkokota mpaka kwenye kivuli cha jabali, Anastazia akamvua shati.

"Jua limemwingia," alimwambia Mosi. "Asipopozwa sasa hivi anakufa. Si kesho, bwana, leo. Maji yako wapi?"

"Kisima kiko nyuma ya majabali."

Walikikuta kimefunikwa matawi ya mgunga, miiba mirefu kama vidole. Leonidas aliyavuta kwa pupa, akakanyaga moja. Mwiba ulipita soli ile nene iliyosifiwa sana, ukaingia unyayoni na kukatikia ndani. Alipiga yowe, akakaa, lakini mkono wake mmoja uliendelea kuvuta tawi la mwisho. Mosi alitupa jiwe. Wakasubiri. Chubwi! Maji yalikuwepo, mbali huko chini gizani, na hapakuwa na kamba wala ndoo. Wenyewe walipoondoka waliondoka navyo, nani aache kamba?

Mosi alizunguka magofu yote mawili, tembe na zizi. Alipata vigae, kinu kilichopasuka, na mavi ya mbuzi ya zamani. Alirudi mikono mitupu, ulimi umemnata mdomoni.

"Vueni viatu," alisema Anastazia. "Toeni kamba zote."

"Kamba za raba?"

"Una nyingine?"

Basi wakakaa chini kama watoto, wakachomoa kamba kutoka kwenye matundu. Leonidas alizifunga moja moja kwa mafundo ya kiujenzi, akiyavuta kwa meno, damu ikimtoka mguuni na kulowesha vumbi. Ncha moja waliifunga kwenye raba ya Mosi, jiwe dogo ndani ili izame. Wakateremsha. Kamba ikaisha, raba ikaning'inia hewani bila kugusa kitu.

Anastazia alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, mpya, akaichana kwa meno kipande baada ya kipande huku macho yake yako kwa Damiani. Wakaunga. Safari hii raba iligusa maji, ikalegea, ikazama. Mosi alivuta polepole. Ilipanda ikitiririka njia nzima, turubai linavuja kama chujio, na ilipofika juu kulikuwa na maji ya kujaza kiganja tu, ya rangi ya chai, yananuka vyura.

"Tia kitambaa ndani," alisema Anastazia. "Kitambaa kitashika maji."

Walisokomeza kipande cha kanga ndani ya raba. Sasa kila ilipopanda walikikamua juu ya kifua cha Damiani, kichwani, kwapani. Anastazia alimpepea kwa shati lake mwenyewe Damiani.

"Mpe kidogo mdomoni," Mosi alisihi.

"Atapaliwa. Hajui hata kumeza. Mwilini kwanza."

Hakuna aliyekunywa. Mosi alikamua kitambaa akiyaona matone yanamwagikia mwili wa mtu mwingine, na koo lake lilikuwa linamwasha kiasi cha kutaka kulia. Leonidas alilamba vidole vyake, akaona aibu, akageuza uso. Raba ilishuka, ikapanda, ikashuka. Damiani aliacha kuropoka habari za nzi. Kifua chake, ambacho kilikuwa kinapanda na kushuka mbiombio, kikaanza kutulia.

Hapo ndipo kamba ikakatika. Ilikuwa imesuguliwa kwenye ukingo wa jiwe muda wote na hakuna aliyeangalia. Mosi alibakia na kipande kifupi mkononi, wakasikia raba ikigonga ukuta wa kisima, mara moja, mara ya pili, kisha maji.

"Mungu wangu," alisema Leonidas.

Anastazia aliendelea kupepea. "Amepoa kidogo. Kidogo tu. Joto likimrudia na hatuna maji, tumempoteza. Mtu aende."

Leonidas alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia. Mosi alipanda jabali, akajivuta kwa kucha mpaka juu, akatazama. Upande wa barabara aliona vichaka tu, kimoja baada ya kingine, mpaka macho yakachoka. Barabara ilikuwa mbali. Hata lori la Hussein likiwepo, angefika usiku. Akageuka upande wa pili. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma yake, na mbele, pale ambapo zamani hapakuwa na kitu ila pori, kitu kilimeta. Kikameta tena.

"Bati!" alipiga kelele. "Naona bati!"

"Kama ni mawe tu?" Leonidas alimuuliza aliposhuka. "Barabara tunaijua, Bwana Mosi. Hilo bati hulijui."

"Barabara ni mbali. Ng'ombe na watu wa hapa si wameenda mahali? Watakuwa kule."

"Na kama si wao?"

"Basi nitakuwa nimemuua Damiani mara mbili," alisema Mosi.

Anastazia alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Nenda. Fuata kivuli chako, usikiache. Jua liwe mgongoni."

Alikwenda na raba moja yake na moja ya Damiani, zote hazina kamba, zinapwaya na kumpiga visigino. Alichuna magome ya mti akazifunga. Magome yakakatika. Akafunga tena, yakakatika tena, na kila alipoinama alimwona Damiani vile alivyokaa, puu. Mwishowe alizivua kwa hasira akazitupa kichakani. Muuza viatu akaendelea pekupeku.

Ndani ya vichaka bati halikuonekana tena. Kulikuwa na kivuli chake tu, kinamtangulia, kinarefuka. Miiba ilimpasua nyayo, akaacha kuichomoa maana mmoja ukitoka miwili inaingia. Alianguka kwenye korongo kavu, akainuka na mchanga mdomoni. Alijisemesha kwa sauti kama kichaa: wewe Mosi, wewe na mdomo wako, eti utawatukana watu bure. Aliogopa. Aliogopa kufika kuliko kutofika, kwa sababu akifika akakuta mawe, hatakuwa na pa kukimbilia tena. Mara kivuli kikaanza kufifia, jua likiingia kwenye vumbi la upeo wa macho. Akasimama, akageuka huku na huku, na kwa mara ya kwanza siku ile hakujua aelekee wapi.

Akaona mavi ya punda. Akainama, akayagusa. Yalikuwa mabichi. Mbele yake kidogo mengine, na alama za kuni zilizoburutwa chini. Mosi alizifuata akikimbia, akichechemea, akikimbia, mpaka pori likafunguka na nyumba zikatokea, ndogondogo, mpya, zimepangwa mistari miwili iliyonyooka kama madawati ya shule, na katikati ghala la bati.

Watu walikuwa wanarudi kutoka kuteka maji. Mzee mmoja mwembamba aliweka debe chini.

"Mosi? Mwana wa Ahmadi?" aliuliza. "Viatu vyako viko wapi?"

"Shikamoo, Mzee Gaspari." Mosi alishika magoti yake, akahema. "Mtu anakufa kwako."

"Kwangu? Mimi niko hapa."

"Kwako, mzee. Kisimani. Tulikuja kuomba maji."

Wote walielewa, na ungeweza kuona namna kila mmoja alivyokwenda kule kwa mawazo na kurudi. Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa amewakataza watu wasikanyage mahame, alifungua mdomo. Akaufunga. Akaingia ndani kwake akatoka na kamba ndefu ya kisima, ameibeba begani.

"Tunangoja nini?" alisema.

Loo, walikimbia wale watu! Wanaume na madebe, vijana wawili na punda, akina mama vibuyu mgongoni, katambuga zinapiga tapa tapa, wengine miguu mitupu. Hakuna aliyemuuliza Mosi njia. Waliijua kwa nyayo, walikata mahali ambapo yeye alizunguka, wakaruka korongo bila kulitazama. Mosi walimpandisha punda, akapinga, hawakumsikiliza. Giza lilikuwa linaanza walipoyaona majabali, na ndipo walipoanza kumsikia Anastazia, sauti imemkauka, akisema bila kukoma, "Damiani, nitazame. Damiani, usilale. Nitazame mimi."

Alikuwa bado anapepea. Balozi aliteremsha ndoo kisimani, maji yakaja mengi, yakamwagwa, yakaja tena. Damiani aliguna. Alikunja uso, akafungua macho, akawaona watu wote wale wamemzunguka na madebe.

"Nani amefunga bucha?" aliuliza. Kisha akawaza kidogo, akamtafuta Mosi kwa macho. "Wee Mosi. Raba zako mbaya."

Anastazia alicheka, akaketi chini ghafla, akaanza kulia hapohapo akiwa anacheka. Alimwinua Damiani kichwa, akampa funda moja, akameza. Leonidas alipewa debe zima, akaingiza uso wote ndani.

Mzee Gaspari hakuja kisimani. Alikuwa amesimama kwenye tembe lake, mkono juu ya ukuta. Mkewe, Mama Martha, alimpita, akaingia pale palipokuwa mlango kana kwamba mlango upo, akatua kibuyu, akajaza kata. Akatoka nayo ameishika kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya Mosi.

"Karibuni," alisema. "Mtuwie radhi, wageni wetu. Mmefika hatupo."

Mosi aliipokea. Alitaka kumwambia kwamba wa kuomba radhi ni yeye. Akalia mbele ya watu wote, kata mkononi, na Mama Martha hakuinuka, akamngoja anywe.