Hata Chembe Haikubaki

Harufu ya viazi vilivyooza iliwajia walipokuwa wakifunga mikoba baada ya kula, na mlimani pale, juu ya bahari ya jimbo la Kerry, hapakuwa na kiazi hata kimoja. Palikuwa na majani mabichi kupita kiasi, na kuta za mawe za nyumba zilizohamwa tangu ile njaa kuu ya zamani, viazi vilipooza mashambani na watu wakafa kijiji kizima.

"Ni wewe unayenuka?" Fiachra alimtania mkewe.

"Nuka mwenyewe! Okota hayo makombo," Muireann akamjibu.

"Si tuwaachie ndege, jamani?"

"Ndege wana bahari nzima. Kila mpita njia akiacha chembe yake, hapa patakuwa jalala."

Basi wakaokota mpaka chembe ya mwisho. Watu wa Dublin hao, wamekuja likizo kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, na adabu yao ya njiani ni kuondoka kana kwamba hawakufika. Adabu nzuri, sikatai. Ila mlima ule una adabu yake, na bibi zao wangewaambia, lakini siku hizi nani ana masikio ya kumsikiliza bibi?

Hata hawajamaliza mteremko, Muireann akashika tumbo.

"Nina njaa."

"Si tumekula sasa hivi?"

"Nakwambia nina njaa, Fiachra!"

Fiachra akacheka. Mkewe alikuwa na mimba changa, mimba waliyoisubiri mpaka wakakata tamaa. Mjamzito kusikia njaa, ajabu iko wapi?

Jioni, katika nyumba ya wageni ya Bi Peigí, kicheko kilimkauka. Muireann alikunywa supu ya samaki, akamaliza bakuli la viazi na maganda yake, akavuta sahani ya mumewe, kisha akachota siagi kwa vidole, huku machozi yakimtoka, na kadiri alivyokula ndivyo mifupa ya mikono ilivyomtokeza, hata pete ya ndoa ikamchomoka na kuanguka mezani.

Bi Peigí akaweka upawa chini. "Mlikula wapi leo, wanangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kule juu, penye magofu," Fiachra akasema.

"Mkamwachia nini mwenyewe?"

"Mwenyewe nani? Hatukuacha kitu, mama. Tulisafisha kabisa."

"Yesu na Maria!" Bi Peigí akajipiga msalaba. "Pale alianguka mtu wakati wa njaa ile, akafa na majani mdomoni. Ukila pale, unamtupia chake. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu, na huyo sasa anakula kwa mdomo wa mkeo."

"Na mtoto?" Fiachra alinong'ona.

Bi Peigí akafungua kabati. Aliwapa mkate wa shayiri, mzima. "Kukicha tu, mpelekeeni. Mkeo asiuonje njiani."

Asubuhi walipanda katika ukungu, Fiachra akimkokota mkewe kwa mkono mmoja, mkate kaubana kifuani kwa mkono wa pili, naye Muireann akimbembeleza, "Kipande tu, mume wangu, mwanao anakufa," kisha akimtukana, kisha akimng'ata bega mpaka damu, na Fiachra akilia na kupanda, akipanda na kulia, asijue kama anamwokoa mkewe au anamuua kwa mikono yake mwenyewe, mpaka harufu ile ya viazi ikawapokea nao wakafika.

Akauweka mkate majanini. "Chukua," alisema. "Tusamehe. Chukua, utuachie wetu."

Harufu ikakatika. Muireann akavuta pumzi, akaweka kiganja tumboni, akatabasamu. "Imeisha, Fiachra. Loo, imeisha!" Wakakumbatiana pale pale, Fiachra akimbusu paji la uso, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Ndipo upepo wa bahari ukaupasua ukungu.

Mkate haukuwapo. Ila mteremko wote, kutoka miguuni pao hadi ukingoni mwa maji, majani yalikuwa yakilala kidogo kidogo, hapa, na pale, na kule, unyayo baada ya unyayo, bila mtu kuonekana, kama yanavyolala mtu anapoyakanyaga, na zote zilikuwa zikipanda kuja kwao, kubwa na ndogo, ndogo ndizo nyingi zaidi. Fiachra akapekua mkoba, akapekua mifuko, akaipindua nje. Hakupata hata chembe.

Muireann alijikunja ghafla, akimkamata shati.

"Fiachra," alisema, "mtoto kaanza kunila."