Aliyetangulia Kufungua Malango

Lango la kwanza walilikuta wazi.

Wilf akafurahi. "Watu wema bado wapo, dada," alisema, akaiingiza boti taratibu kwenye chumba cha mawe kati ya lango la juu na la chini, maji yamejaa hadi ukingoni, tayari kuwashusha. Hester, aliyekuwa kwenye kijia cha kando na hendeli ya kufungulia maji mkononi, akatazama mfereji mbele na nyuma. Adabu ya mfereji aliijua: anayepanda humwachia anayeshuka lango wazi. Lakini tangu asubuhi hawakupishana na boti yoyote.

La pili, wazi. La tatu, wazi. La nne, juu ya jiwe la ukingoni, nyayo za maji, ndogo, za mtu aliyevaa buti za misumari.

Hester hakuogopa. Tangu wamzike baba yao mwezi Agosti hakuwa ameogopa, hakuwa amelia, hakuwa amecheka. Hata chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Digrii mbili za historia, barua za kuomba kazi themanini na kitu, na majibu yote yale yale: tumefurahi sana kukufahamu, lakini. Furaha ya watu haijazi tumbo. Alichobaki nacho duniani ni boti ya baba na huyu mdogo wake, basi. Kesho saa mbili asubuhi mfereji ungefungwa kwa matengenezo, na ambaye hajamaliza malango kumi na saba ya mteremko ule angekwama juu, kwenye tope na majani yaliyooza, msimu mzima wa baridi.

Lango la tisa lilikuwa na mlinzi wa kujitolea, Bibi Tunnicliffe, kikongwe mwenye kikombe cha chai na macho makali. Alitazama ubavu wa boti kwa muda mrefu.

"Hii ni Kezia," alisema. "Mlio wa injini yake naujua tangu nikiwa na meno yangu."

"Sasa ni Clifford, bibi," Wilf alisema. "Jina la marehemu baba."

"Nani kabadilisha?"

"Mimi," Hester alisema.

"Ikiwa majini?"

"Foleni ya kuipandisha nchi kavu ilikuwa mpaka Aprili."

Kikongwe akaweka kikombe chini. Sauti ikashuka. "Baba yako hakukufundisha? Jina la boti halifutwi ikiwa majini. Kezia alikuwa mke wa mwenye boti. Kazi yake kutangulia kwa miguu, kumfungulia mumewe malango. La kumi na saba likamla. Mume akaandika jina lake hapo ubavuni, apate pa kukaa. Wewe umemtoa nyumbani kwake, mwanangu. Sasa anafanya kazi aliyoizoea, mpaka pale alipofia. Pale atataka nafasi ya mtu."

"Aandike barua ya maombi kama sisi wengine," Hester alisema. "Asubiri majibu."

Bibi hakucheka. "Rudisha jina. Na herufi ya mwisho ikiandikwa, wote wawili muwe ndani, miguu juu ya mbao. Jina huwafungia waliomo. Aliye nje atabaki nje."

"Tukifunga kamba jioni, nitaandika."

Kudharau hakukuhitaji barua ya maombi. Kazi hiyo alikuwa nayo siku zote.

Kuanzia la kumi alisikia. Mbele, nyuma ya kona, meno ya chuma ya lango yakizungushwa: tak, tak, tak. Wakifika, hakuna mtu, lango wazi. Ndani ya boti, ambako jiko halikuwashwa, kulinuka vitunguu vya kukaanga na sufu iliyolowa.

"Umepika?" Wilf aliuliza kwa sauti ndogo.

"Endesha."

Kwenye la kumi na saba Hester akavua koti lake la njano, akalitupa juu ya paa la boti, kando ya gunia la makaa ya mawe, akafunga lango la juu nyuma ya boti. Hakuwa amegusa kitu kingine maji yalipoanza kutoka yenyewe, na boti, ambayo Wilf alikuwa anaisukuma mbele kwa nguvu zote za injini, ikaanza kurudi nyuma, taratibu kama inayovutwa kwa kamba, mpaka mkia ukakaa juu ya kizingiti cha jiwe kilicho chini ya lango hilo la juu, na maji yakaendelea kushuka na pua ikaendelea kushuka nayo, vikombe vikivunjika ndani, na Wilf, ambaye hajui kuogelea, ameukumbatia usukani akisema dada, dada, na Hester akazungusha hendeli kuziba maji lakini kulikuwa na mkono mwingine juu ya wake, baridi, wenye sugu, unaozungusha kinyume.

Akaiachia. Akateremka ngazi ya chuma ya ukutani, akanyoosha mkono, akachomoa bonge la makaa guniani, na juu ya jina la baba yake akaandika, mkono mmoja ngazini, K, E, Z, I, na maji yakiingia mlango wa mbele, A.

Boti ikanyanyuka. Ikatulia. Lango la chini likafunguka.

Hapo ndipo alipoitazama miguu yake. Ilikuwa kwenye ngazi.

"Wilf," aliita. "Nisubiri."

Wilf hakugeuka. Kutoka ndani ya boti akatokea mwanamke mwenye nywele za Hester, akalichukua koti la njano, akalivaa, akamshika Wilf bega. Akasema jambo, akacheka, cheko refu la mtu aliyepumzika.

"Dada," Wilf alisema, akipangusa machozi, "hatimaye umecheka."

Hester alisubiri uchungu uje. Haukuja. Aliona tu kwamba yuko mbali mbele, kwenye lango lililo peke yake chini ya daraja, bila kukumbuka njia, sketi imelowa mpaka kiunoni. Hendeli ilikuwa mkononi. Akazungusha. Tak, tak, tak. Maji yakajaa, akalisukuma lango, akasogea pembeni.

Boti ikafika.

"Hili nalo wazi," Wilf alisema, akimpita karibu kabisa. "Watu wema bado wapo."